Petro wa Ng'ambo

Basini, msusi aliyekaa nyuma alitega sikio. Fundi cherehani alikuwa akimlalamikia muuguzi asiyemjua: "Mwanangu anataka kuoa binti wa akina Petro. Na mume wangu naye ni Petro! Huyo si dada yake?"

"Mama wee, mmisionari alibatiza kilima kizima siku moja. Alipochoka kufikiri, kila babu akawa Petro. Hiyo ni damu au uvivu?"

"Jina ni jina."

"Haya. Na wewe kwenu ulikozaliwa ni akina nani?"

Fundi akakohoa. Msusi akaacha hata kupumua.

"Petro. Lakini sisi ni wa ng'ambo ya mto."

"Kumbe! Basi na huyo binti mtafutieni mto, mambo yaishe."

Basi likasimama. Fundi akashuka, ingawa alikuwa amelipa nauli ya hadi mwisho.