Kabula wa Mtama Mwekundu

Dada yetu mpendwa, Wilhelmina Kabula Masunga, alizaliwa Migato tarehe 14 Machi 1943, mtoto wa kwanza wa mzee Masunga. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akaachishwa ili atulee sisi wadogo zake. Mimi Januarius, ninayesoma haya, nilibebwa mgongoni mwake.

Mwaka 1962 alifunga ndoa kanisani na Bwana Mayige Nyanda, wakahamia Bariadi.

Kazi yake ilikuwa kupika pombe ya mtama mwekundu. Mwenye harusi au matanga alianzia kwake. Hakununua mtama kwa macho. Alitafuna punje kwanza. Serikali ilipofungua biashara huria, malori yalileta bia za chupa, na pia mtama mweupe ambao pombe yake ilikuwa tamu na iliwahi kuiva. Wapishi wenzake waliukimbilia. Wateja walipopungua, marehemu naye aliujaribu. Pombe iliwahi kuiva, lakini kesho yake ilikuwa imechacha, wakamiminiwa ng'ombe wa shemeji Mayige, nao wakarudi zizini wakipepesuka. Basi akarudia mtama mwekundu na uchungu wake, wala hakubishana na mtu.

Mwaka huu alipata uvimbe kooni. Huko Mwanza madaktari walituambia turudi naye nyumbani. Aliomba jambo moja tu, awahi kupika pombe ya harusi ya Flora, kitinda mimba wake. Lakini ulimi wake haukuonja tena kitu. Jumatatu iliyopita alimwita Flora, akamwambia afumbe macho, akamtia kinywani punje ya mtama mmoja, kisha ya mwingine, akamwuliza upi unafaa. Flora, ambaye siku zote alimwachia mama kuchagua, alilia kwanza.

"Huu wa pili, mayu. Uchungu wake unakaa."

Ulikuwa ule mwekundu.

"Basi loweka huo," mama yake akasema.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 22 Agosti 1996, mtama ukiwa umeanza kuota, alifariki mikononi mwa Flora. Inauma, ndugu zangu. Inauma sana.

Jana wazee waliuliza kama kimea kile kipikiwe msiba. Shemeji Mayige alikataa, akasema mke wake alikiacha kwa ajili ya harusi. Harusi imesogezwa hadi arobaini ipite.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, Mihayo, Lukresia na Flora, wajukuu sita, na sisi wadogo zake. Bwana ampokee Kabula wetu na kumpa pumziko la amani. Pombe ile ataipika Flora, na hatakuwa na wa kumwuliza kama imefaa.