Besi Mapajani mwa Mama Shamsia

Ndani ya gari la Newala, Winfrida alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake, Gervas, mpiga besi wa kwaya ya Lulindi, alikuwa akijisifu kwa Mama Shamsia, abiria aliyemsaidia kulipakata gitaa lake tangu Masasi. "Nimelinunua bei chee, mama. Nikabadilisha nyuzi, nikalipaka mafuta ya maganda ya korosho. Mchwa hawaligusi!"

"Mafuta yale yale yanayobabua ngozi?"

"Yakikauka hayababui."

"Mbona wewe umevaa glavu?"

"Tahadhari tu."

Winfrida akarudisha miguu nyuma, macho bado kayafumba.

"Umelipaka lini, mwanangu?"

Gervas akageukia dirishani. "Mikorosho ya Makote imestawi."

"Nimekuuliza lini!"

"Asubuhi."

Gari likasimama. Mama Shamsia akainuka kwa hasira bila kulishika gitaa, nalo likainuka naye, limegandia kanga.