Asante Iliyotangulia

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, na ndugu wote mliopata viti na mliokosa viti, anayesimama mbele yenu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, yeye ndiye anayejua kusoma, lakini maneno ni yangu mimi mama mzazi wa marehemu, nimeyasema akayaandika, na nimemwambia asiruke hata moja, akiruka nitajua, macho yangu hayajui herufi ila masikio ni mazima.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1966, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, mtoto wangu wa tatu kati ya watano, mashine inanguruma hata kilio chake hakikusikika, baba yake akiwa mpakia mizigo wa pale pale. Nyumba yetu chakula kilikuwa cha kupimwa, nikawafundisha wanangu kwamba mtu hadai sahani, anatanguliza shukrani, maana anayepakua akishashukuriwa ataona haya kukupita, wenzake wakalisikia kwa sikio moja, huyu akalishika kwa mikono miwili, anafika mlangoni kwa jirani anasema asante mama kabla hajapewa kitu, jirani anacheka na anatoa, basi mtaa mzima wakambandika jina la Asante.

Alianza darasa la kwanza Januari 1974 katika shule ya msingi ya nyuma ya soko, akamaliza 1980, akaingia sekondari, ada ikakatika kidato cha pili, mwaka 1983 akaenda chuo cha ufundi kujifunza bomba, akamaliza 1985, na aliyemlipia chuo ni kaka yake mkubwa, huyu aliyekaa mstari wa pili na koti la kijivu, jambo hilo amelitaja kila sikukuu kwa miaka thelathini na minane, leo nimelitaja mimi ili naye apumzike.

Tarehe 2 Septemba 1986 aliajiriwa fundi bomba katika hospitali kuu, akafanya kazi miaka tisa bila karipio, na Jumamosi tarehe 15 Agosti 1992 alifunga ndoa ndani ya kanisa hili na mwalimu wa chekechea, mkwe wangu huyu, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza muuguzi, wa pili fundi umeme, na kitinda mimba bado yuko kidato cha nne.

Mwaka 1995 aliacha kazi akaenda chuo cha Biblia, kaka yake akamwita mjinga mbele ya wageni, hawakusalimiana mwaka mzima, na Jumapili tarehe 4 Januari 1998 kanisa hili likamwekea mikono kuwa mmisionari, nilikuwepo, nilikaa pale penye nguzo, jumuiya zote kumi na mbili zikasimama, kila jumuiya ikapewa mwezi wake, Januari wa sokoni, Februari walimu, Machi akina mama, hivyo hivyo mpaka Desemba, na mzee wa kanisa wa wakati ule akamshika bega akasema, nenda na Neno mwanetu, mfuko tuachie sisi, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Alikopelekwa ni siku mbili za basi na nusu siku ya miguu, akapewa nyumba ya vyumba viwili, kimoja wakalala watu watano, kingine Jumapili ni kanisa na Jumatatu ni chekechea ya mke wake, na kwa sababu hakuweza kukaa karibu na bomba bovu, akatengeneza pampu za maji za vijiji saba, leo wako waamini sitini na wawili kule, na watoto arobaini wanaosoma kwenye kile chumba.

Miaka miwili ya kwanza msaada ulifika bila kukosa, mwaka wa tatu kanisa likaanza kuweka vigae, likaja suala la spika, likaja la uzio, Machi ikaona Aprili itaziba, Aprili ikasema haikuambiwa, mpaka miezi yote ikalala. Akaishi kwa kulipwa debe la nafaka kwa kila pampu, mke akishona sare za shule kwa cherehani yake, mimi nikimuuliza kwenye simu anasema Mungu ni mwema mama, na huku nyumbani mwanangu akawa mpira, wazee wanasema ana kaka mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kaka naye anasema aliyemtuma ndiye amlishe, mimi sikumtuma, wakarushiana hivyo mpaka kwenye harusi ya dada yao mwaka 2009, sahani zikiwa mezani, nikawafukuza wote wawili, kaka mtu na mzee wa kanisa, nikala peke yangu.

Oktoba 2022 alikatwa na bomba la chuma mguuni, kumbe ana sukari na hajui, zahanati ikamwambia aende hospitali kuu upesi, nauli hakuna, akangoja, Januari mke wake akauza ile cherehani, na tarehe 6 Februari 2023 wakafika hospitali ile ile aliyoitengeneza ujanani, akalazwa wodi namba tatu, bomba la beseni linadondoka, akamwambia muuguzi ni mpira wa ndani umeisha, badilisheni, ni kitu kidogo.

Jumanne tarehe 14 Februari kaka yake akanipeleka ofisi ya kanisa kuuliza kulikoni, mtunza hazina, mtu mpole sina ugomvi naye, akafungua kabati akatoa faili, akasema mama, mbona mwenyewe anashukuru, zilikuwa barua tisini na saba, kila miezi mitatu barua moja, zote zimesomwa hapa mbele ya ibada, kila moja inasema nawashukuru kwa yote mnayonitendea, nyumba yetu haijapungukiwa na upendo wenu, na mtunza hazina akauliza kwa upole wake ule ule, kwani mtu aliyekosa anashukuru, mama. Nikamgeukia kaka mtu, akainamisha kichwa, akasema hata mimi nilizisikia zikisomwa, nikajua wanampa.

Nikarudi wodini nimefura, nikamwambia mgonjwa, miaka yote hiyo mdomo ulikuwa na kufuli, kwa nini hukusema huna, akanitazama kama mtoto anayeulizwa jambo lililo wazi, akajibu, mama, nilisema asante. Nikakaa nikamkanda mguu mmoja uliobaki na uzima.

Mwezi Machi mguu ule mwingine ulikatwa, Mei figo zikachoka, na Jumamosi tarehe 17 Juni 2023, saa tano asubuhi, mke wake akiwa upande mmoja na kaka yake upande wa pili, mwanangu akafariki dunia, ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Fungu langu la lawama nimelichukua, nilimfundisha adabu ya sahani, sikumfundisha kusema sahani iko tupu, lakini sitabeba na la kwenu, maana anayemtuma mtoto wa mwenzake mbali hangoji kuandikiwa, anauliza umekula, na katika miaka ishirini na mitano hakuna hata mmoja wenu aliyepanda basi kwenda kuangalia. Leo mmekuja na mabasi mawili, shada kubwa kuliko jeneza, na turubai jipya, na Oktoba ile ilitafutwa nauli ya mtu mmoja.

Mkwe wangu anarudi kule tarehe 3 Julai, nimemkataza amekataa, anasema watoto arobaini wako mlangoni, na jana jioni wazee walikuja kwangu wakasema jumuiya zitaanza upya, Julai yake, Agosti yake, mdomo wangu ulishafunguka kwa mazoea useme asante, nikaufunga.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi namba tatu, mafundi bomba wa hospitali waliokuja kutengeneza lile beseni rafiki yao akiwa kitandani, majirani waliolala sebuleni kwangu tangu Jumamosi, waamini wa kule waliombeba juu ya kitanda nusu siku mpaka barabarani, na kaka mtu aliyelipa hospitali yote, tunamshukuru leo, na asilitaje tena.

Jumuiya kumi na mbili, na nyie mna nafasi yenu, mjukuu wangu anyanyue karatasi muone, pale chini nimeacha mistari mitupu, mkwe wangu akitupigia kwamba Julai imefika, Agosti imefika, mpaka Desemba, nitamwita huyu mtoto aijaze na nitakuja kuisimamia ikisomwa hapa hapa, mara hii nyumba yetu inapokea kwanza.

Nawe Asante, umeshukuru vyako na vya wasiotoa, hakuna barua nyingine ya kuandika, lala sasa mwanangu, upumzike kwa amani.