Mwanne Aliyesikiliza Maganda ya Risasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Mwenye kupeta mtama apete polepole, atusikie. Leo tunamkumbuka Mwanne binti Bashiri, aliyefariki zamani za Mdachi. Na tunamkumbuka mumewe, mzee Matonya, aliyezikwa Mkonze Jumanne iliyopita. Tunawakumbuka pamoja, kwa sababu mzee Matonya aliishi zaidi ya miaka hamsini akitaka jambo moja tu lisemwe hadharani. Lisemwe kwamba mke wake hakukosea. Basi. Na wakubwa waliokuja mmoja baada ya mwingine, hakuna hata mmoja aliyelisema.

Mwanne alikuwa Mrangi wa Kondoa. Baba yake, Bashiri, alitengeneza magobori ya watu wa misafara, na binti akajifunza ufundi miguuni pake. Matonya alikuwa Mgogo, mfuata nyayo za wanyama. Mwaka 1909 reli ilikuwa inaisogelea Dodoma. Mke na mume wakapata kazi katika kambi moja ya reli upande wa Nzuguni. Mkuu wa kambi hiyo vibarua walimwita Bwana Miwani. Ndiye aliyewinda nyati ili vibarua wapate kitoweo.

Sasa, bunduki ya Bwana Miwani haikuwa kama za wengine. Fundi mmoja wa kwao aliiunda, akaunda hiyo hiyo moja. Risasi za askari hazikuingia. Za wawindaji wengine zilicheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Duniani kote alikuwa na maganda ishirini na manne tu yaliyoikaa. Kwa hiyo kila ganda lililopigwa lilirudishwa na kujazwa upya. Kuyatafuta majanini ilikuwa kazi ya Matonya. Kuyajaza ilikuwa kazi ya Mwanne.

Aliyaosha kwa maji ya ukwaju mpaka yang'ae. Aliyapasha moto midomo, ili yasiwe makavu yakapasuka. Alitia kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, baruti kwa kipimo cha pembe ya swala, kisha risasi iliyopakwa nta na mafuta ya kondoo. Lakini kabla ya yote hayo alidondosha kila ganda juu ya jiwe, akainamisha kichwa, akasikiliza. Ganda zima linaimba. Ganda lenye ufa, hata ufa usioonekana kwa jicho, linakohoa. Likikohoa alichukua tupa, akalikata pengo dogo kwenye ukingo wa kitako. Pengo maana yake limekufa, lisijazwe tena.

"Mke wangu mganga wa shaba," Matonya alimtania. "Hilo nalo lina mafua?"

"Wewe kazi yako kutambaa majanini kama kenge, Baba Mishi. Tambaa. Masikio niachie mimi."

Ndivyo walivyoishi. Binti yao, Mishi, alikuwa na miaka mitano.

Ikafika siku maganda kumi na moja yana pengo. Yamebaki kumi na matatu. Bwana Miwani akaja mwenyewe mpaka barazani kwa Mwanne.

"Haya kumi na moja jaza."

"Haya yamekufa, Bwana."

"Shaba haifi."

"Yanakohoa, Bwana. Sikiliza." Akalidondosha moja.

Bwana Miwani hakusikiliza. Alimtazama Matonya aliyesimama kando. "Asipojaza, mume atachapwa viboko ishirini na tano. Na kesho mwanamke atafuatana nasi. Risasi ikiharibika, atajibu pale pale."

Wasikilizaji wapendwa, hapa mzee Matonya alikuwa akikatisha hadithi. Aliwalaani wakubwa wa Mdachi, wa Mwingereza, na waliofuata, kisha akaomba maji. Alichokuwa akikiruka hapo alimwambia Mishi mwaka huu tu, akiwa kitandani. Alisema Mwanne aligeuka akamtazama yeye. Akangoja neno lake. Na yeye, mgongo ukimwasha kwa viboko ambavyo havijapigwa, akasema, "Jaza tu, Mama Mishi."

Mwanne akajaza. Lakini mapengo hakuyafuta. Akayaweka katika mfuko wa peke yake, akamwonyesha Bwana. "Huu mfuko uwe wa mwisho." Bwana Miwani akamimina mifuko yote miwili katika mkoba mmoja.

Asubuhi wakamkuta nyati dume kwenye vichaka. Bwana akapiga. Nyati akajeruhiwa, hakuanguka. Ganda likakatika katikati. Kitako kikaruka majanini, nusu ya mbele ikabaki imenasa ndani ya bunduki. Risasi ya pili ikakataa kuingia. Bwana Miwani akamtupia Mwanne bunduki. "Toa!" Kisha akaparamia mgunga, miiba na yote.

Mwanne angeweza kukimbia. Alipiga magoti, akachomoa ndoano yake ya waya, akaanza kuvuta. Matonya alikuwa mbali na mkuki wake, anakimbia kuja. Alimsikia mkewe akipaza sauti: "Limetoka!" Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho. Nyati alifika kabla ya Matonya.

Wapagazi walipokuwa wakimfunika Mwanne kwa kaniki, walimwona mumewe anatambaa majanini, anapapasa. Wakasema huyu amerukwa na akili. Hakuwa amerukwa. Alikuwa anatafuta kama alivyotafuta siku zote. Jua lilipokuwa la utosi alikipata kitako cha lile ganda. Ukingoni kilikuwa na pengo.

Alikipeleka kwa karani wa kambi, Hasani. Akamwomba amsomee kilichoandikwa katika kitabu cha kambi juu ya kifo kile. Hasani akasoma kwa sauti ya chini: "Mwanamke mjaza risasi amekufa kwa uzembe wake mwenyewe."

"Tazama pengo hili," Matonya akasema. "Alikataa. Alama yake hii hapa."

"Naiona, ndugu yangu."

"Basi futa."

"Nimeandika nilichoambiwa. Nikifuta, nami nimefutwa."

Bwana Miwani alipoonyeshwa alisema ni mkwaruzo wa jiwe. Mdachi akaondoka, Mwingereza akaja. Matonya akaenda na kitako chake. Akaambiwa mambo ya Mdachi yameondoka na Mdachi. Ofisi zikabadilika rangi, jibu halikubadilika. Mtu mdogo akifa kwa amri ya mkubwa, kosa huandikwa kwa jina la mdogo. Mzee hakuoa tena. Wazee wa ukoo walimsihi mpaka wakachoka.

Nilikwenda matangani, nyumbani kwa Mishi, Makole. Mishi sasa ni bibi. Alinipa kibuyu, akaniambia, "Baba alijilaumu kwa lile neno 'jaza' mpaka anakata roho. Mimi sijamlaumu. Aliyeshika kiboko ni nani? Lakini mama, mwanangu, mama msemee. Una redio."

Basi namsemea. Mwanne binti Bashiri hakukosea. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mwanne hakukosea. Alisema maganda yamekufa, akalazimishwa.

Kwa bibi Mishi, watoto na wajukuu, ndugu wa Mkonze na wa Kondoa, poleni sana. Mungu awalaze pamoja waliotenganishwa siku ile. Na wewe uliyekalia kiti cha kuamuru watu, popote ulipo, jiulize ni nani amekuambia jambo wiki hii ukakataa kumsikiliza.

Ndani ya kibuyu mlikuwa na kile kitako, na maganda mawili yaliyobaki katika kazi ya Mwanne. Hapa mezani nina jiwe. Naomba mnyamaze kidogo, hata wenye kupeta.

Hili halina pengo. Nalidondosha.

Na hili ni lenye pengo.

Mmesikia.