Bi Matone, Aliyeifundisha Karatasi Kupima Maji

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe mkunga. Kazini walimwita Bi Matone, nyumbani Dada Mkubwa, na yote mawili aliyaitikia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari 1979, na mwaka 1983 akapata cheti cha ufundi wa maabara. Shahada aliitamani sana, lakini macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia na wadogo zake watatu walikuwa bado shuleni. Mdogo wake wa mwisho, ndiye anayeusoma wasifu huu, alisomeshwa na marehemu mpaka chuo.

Tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa katika maabara ya kemia ya chuo, chumba cha mwisho ghorofa ya chini, chenye dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli. Alidumu humo miaka thelathini na saba.

Aliolewa tarehe 6 Agosti 1988 na mwalimu wa hisabati, wakajaliwa binti wawili. Msimamizi wa harusi yao alikuwa mhadhiri kijana wa maabara ile ile. Tangu siku hiyo aliingia kwao bila hodi, na watoto walimwita Baba Mdogo.

Mwaka 2006 maji ya kisima cha shule ya jirani yalishukiwa kuwa na madini ya risasi, kutoka karakana ya betri iliyokuwa upande wa juu. Mashine ya kupimia ilikuwa mbovu. Marehemu alichora mifereji ya nta juu ya karatasi ya kuchujia, akaipiga pasi ili nta izame. Tone la maji likiwekwa mwanzoni hutambaa lenyewe. Uchafu hubaki njiani, na madini hufika mwisho, kwenye mistari ya kaboni ya penseli. Hapo kijimita kidogo cha umeme husoma na kuonyesha kiasi cha risasi. Pasi ilikuwa ya nyumbani, na siku moja mumewe alikwenda kazini na madoa ya nta mgongoni mwa shati. Aliporudi akilalamika, mkewe alimwambia, "Si vibaya, Baba. Leo umevaa utafiti."

Ilimchukua miaka mitatu. Maji ya tope yalikuwa yakiharibu vipimo, mpaka alipourefusha mfereji na kuubana shingo. Tarehe 19 Mei 2009 kipande cha karatasi kisichozidi kidole kilitoa jibu sahihi mara kumi mfululizo. Kisima kile kilifungwa juma lililofuata. Baba Mdogo alimpongeza, akaazima madaftari yake yote, "kwa wiki moja tu, dada."

Hayakurudi. Mwaka 2011 makala ilitoka kwenye jarida kubwa, ikiwa na jina la mhadhiri peke yake. Mwishoni alishukuriwa "mhudumu aliyesaidia kukata karatasi."

Marehemu alimfuata ofisini na makala mkononi.

"Mimi niko wapi humu?"

"Si nimekushukuru pale chini? Majarida hayaandiki mafundi, dada. Ndiyo utaratibu."

"Jarida ndilo lililosema nilikata karatasi, au ni wewe?"

Mhadhiri alitazama saa, akasema ana kipindi.

Alilalamika kwa mkuu wa idara, akaulizwa ushahidi uko wapi. Ushahidi ulikuwa kwenye madaftari. Mumewe alimsihi asivunje urafiki wa miaka mingi. Mdogo wake alimwambia, "Dada, yaache yapite." Alijibu kwa upole, "Angekuwa adui, ningejikinga. Huyu nilimpakulia chakula." Hakulizungumza tena na yeyote kati yao. Mdogo wake anakiri leo, mbele ya jeneza, kwamba alimwacha dada peke yake, ilhali dada ndiye aliyemfikisha hapa alipo.

Mhadhiri akawa profesa. Marehemu aliendelea kutengeneza vipande vyake, akapima visima sitini na vitatu kabla ya kustaafu mwaka 2021.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2022. Wodini, binti yake mkubwa alimuuliza wafanyeje profesa akitaka kuja mazishini. Alifikiri kidogo. "Aje, akae na wengine. Asipewe kipaza sauti." Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, binti zake wakiwa wamemshika mikono.

Juzi profesa alituma ujumbe akiomba kusema machache kuhusu mchango wa marehemu. Familia imemshukuru, na imemwonyesha kiti.

Marehemu ameacha mume, binti wawili, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, na watoto wa shule ile ambao sasa ni watu wazima na hawamjui.

Pumzika, Dada Mkubwa. Kazi ilikuwa yako.