Siku Diski ya Mama Nembo Ilipohama

Benchi la pale kona limeegemezwa ukutani chini ya dirisha la kibanda cha Fundi Kavu, kwa hiyo ukikaa hapo kunywa kahawa, kisogo chako kiko ofisini kwa mtu. Mwenyewe amelalamika mpaka amechoka. Jina la Kavu alipewa na wateja, maana hajui kumlainishia mtu neno: redio ikifa anasema imekufa, mwenye redio akilia ni shauri lake. Ufundi hakuusomea popote. Alijifunza kwa kufungua vilivyotupwa na kuvifunga tena mpaka vikaongea, na hilo humwambia mteja kabla hajaulizwa, ili asije akasema alidanganywa. Hasira anazo, zinapanda upesi kama maziwa jikoni na kushuka upesi vilevile. Asubuhi hiyo zilishapanda mara mbili, na kahawa ya kwanza ilikuwa bado ya moto.

Shida ilikuwa ya Mama Nembo, mshonaji wa nembo za sare, ambaye duka lake ni la tatu kutoka hapo. Alikuja na kompyuta mbili, moja mpya ndani ya boksi na moja ya zamani, kubwa kama kreti la soda, ambayo ilizima ghafla akiwa katikati ya kazi. Shemeji yake alishaitangaza kuwa imekufa. Mashine yake ya kudarizi inasikiliza programu moja tu, na programu hiyo imo kwenye diski ya kompyuta ya zamani. Aliyemwekea alishafunga biashara, na pa kuipata tena hapajulikani. Kesho wauguzi wanahitimu, nusu yao hawana nembo kifuani, na mmoja wa hao wasio na nembo ni binti yake mwenyewe.

— Nakwambia kavu, mama, Fundi alimwambia. — Michoro peke yake ningeichota sasa hivi. Programu haichoteki. Inabidi nihamishe nyumba nzima na mwenye nyumba akiwa ndani, mfumo na kila kitu. Kompyuta mpya inaweza kukubali, inaweza kukataa.

— Na ikikataa?

— Diski ya kwanza itakuwa salama, isipokuwa igome yenyewe kwa uzee. Natoa nakala kwenye diski nyingine, nakala ndiyo inayohama. Hii yako narudisha mkononi mwako kama ilivyokuja.

Akaitoa ile diski, akaiunganisha na diski tupu kwenye mashine yake ya kazi, akabonyeza, na kwenye kioo ukatokea mstari wa kijani na asilimia zake. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Mama Nembo akaketi benchini. Akawakuta Wembe, kinyozi asiye na mteja, na Birika, muuza kahawa. Benchi likawa limejaa, ndiyo maana Tani, mbeba mizigo mwenye mwili wa watu wawili, akaivuta ile kompyuta ya zamani, akailaza ubavu na kuikalia.

— Wewe, hicho si kiti, Fundi alisema dirishani.

— Si imekufa?

Fundi Kavu akarudi kwenye mstari wake wa kijani.

— Sasa mimi niseme kitu, Wembe alianza, na wote wakajua kwamba hatasema kimoja. — Diski ni ubongo. Huwezi kutoa ubongo wa huyu ukautia kwenye kichwa cha yule. Kichwa kitakataa.

— Umeshawahi kuona ubongo? Birika akamuuliza.

— Mimi nashika vichwa kutwa nzima, bwana.

— Unashika nywele.

— Nywele zimeota wapi?

Mama Nembo hakucheka. Alikuwa amejigeuza kiunoni, anatazama asilimia kupitia dirishani kama mtu anayechungulia mgonjwa.

— Ubongo si mfano mzuri, Tani alisema. — Hii ni habari ya kuhama, na kuhama ni kazi yangu. Nimehamisha watu mpaka siwakumbuki. Hakuna aliyehama na vitu vyote vikafika. Kijiko kitapotea, soksi itapotea, mfuniko wa sufuria ndio kabisa. Kwa hiyo, mama, jiandae. Nembo moja mbili zitabaki njiani.

— Ipi? Mama Nembo akauliza.

— Hiyo siwezi kujua. Kwa kawaida ni ile unayoihitaji kesho yake.

— Tani, Fundi akafoka kutoka ndani, — nikija huko nje utahama wewe.

Mstari ulikuwa umepita nusu na unakwenda vizuri. Fundi Kavu aliutazama kwa macho ya mtu mwenye uhakika, lakini moyoni hakuwa nao. Diski ile ilikuwa ya siku nyingi, na diski za siku nyingi zina tabia ya kuchoka mahali pamoja, kama goti. Alishawahi kuona nyingine ikigoma kabisa. Hilo hakumficha Mama Nembo, alimwambia mapema. Lakini kusema kitu ni tofauti na kukaa ukikingoja.

Mstari ukasimama.

Asilimia sitini na moja. Feni inazunguka, taa inapepesa, namba haibadiliki. Kutoka kwenye diski ikasikika sauti ndogo, tk, kisha kimya, kisha tk.

— Nani kagusa ukuta? Fundi akauliza.

— Hakuna aliyegusa, wote wakajibu, na Wembe akaondoa kisogo chake ukutani polepole.

— Hapo najua, Tani akasema. — Kabati limenasa mlangoni. Kuna kitu kikubwa kinataka kupita na mlango ni mdogo. Sisi huwa tunang'oa mlango.

— Hapang'olewi kitu hapa.

— Mimi naona ni ugeni, Wembe akasema. — Hivyo vitu vimeambiwa vihame bila kuelezwa vinakwenda wapi. Hata mimi ningesimama katikati ya njia niulize.

Birika alikuwa akimimina. Akaacha kumimina.

— Ngojeni. Mnamkumbuka paka wa mama mkwe wangu? Alihamishwa ndani ya gunia, gunia limefungwa, gari limezunguka makusudi ili asijue njia. Wiki haijaisha yuko mlangoni kwenye nyumba ya zamani, anadai chakula.

— Na hiyo inahusu nini?

— Inahusu hivi. Hizo nembo zimelelewa humo ndani ya hilo boksi alilolikalia Tani. Zinakwenda, zinafika katikati, zinakumbuka nyumbani, zinataka kurudi. Ndiyo maana mstari umesimama. Tani, usinyanyuke.

— Nisinyanyuke?

— Ukinyanyuka zitaingia. Kalia hapohapo, ziba.

Tani aliwatazama kuona kama wanamtania, akaona Wembe anaitikia kwa kichwa kwa uzito wote kwamba Birika ana hoja, basi akajisogeza, akajaza kila pembe ya lile boksi kwa makalio yake.

— Mguu umekufa ganzi, alisema baadaye kidogo.

— Vumilia. Binti wa watu anahitimu.

Hapo Mama Nembo aliinuka. Alikuwa na hasira zake naye, ila alizifungia ndani tangu asubuhi. — Nyinyi mnacheka, alisema. — Ile nembo ya taa ya wauguzi niliichora mwenyewe, mshono kwa mshono. Moto wa ile taa niliurudia mpaka macho yakauma. Ikipotea siwezi kuirudia kwa kesho, na mwanangu atasimama pale mbele na kifua kitupu, wakati kazi ya mama yake ni vifua vya watu.

Birika akamjazia kikombe bila kuulizwa. Na kahawa ilipokoma kumiminika, Fundi Kavu akasikia, kabla hajaona, kwamba ile tk imekoma. Akageuka. Sitini na mbili. Sitini na tatu. Namba zikaanza kupanda kama mtu aliyepumzika kwenye ngazi akakumbuka safari yake.

— Imepita, alisema.

— Nimewaambia, Birika akasema. — Tani, endelea kukaa.

Nakala ilipokamilika Fundi alitimiza alichoahidi. Alichomoa diski ya kwanza, akaifunga kwenye kitambaa kikavu, akaipitisha dirishani mpaka mikononi mwa Mama Nembo, naye akaipakata. Kisha akaichukua ile nakala, akaifunga ndani ya kompyuta mpya, akawasha.

Kioo kikawa cha buluu. Maneno meupe yakatokea, yakapotea, kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Buluu tena.

— Kichwa kimekataa, Wembe alinong'ona.

Fundi Kavu aliitazama ile buluu ikija na kuondoka. Mashine mpya ilikuwa ikiisemesha diski kwa mtindo wa kisasa, na mfumo uliomo ndani ulizoea kusemeshwa kwa mtindo wa zamani. Hilo alilijua, alikuwa amelijua muda wote, ila woga ulikuwa umekaa mbele yake ukamziba, kama Tani. Akazima. Akawasha tena, na safari hii akakibonyeza kile kitufe cha kuingia kwenye mipangilio kabla mashine haijaamka vizuri. Akatafuta mstari unaohusu diski, akabadilisha neno moja ili isemeshwe kizamani, akahifadhi, akatoka.

Kikaja kioo cheusi. Yakaja maneno kwamba vifaa vinaandaliwa, subiri. Kompyuta ikajizima tena, na Mama Nembo akaibana ile diski kifuani. Ikajiwasha. Na hapo ikatokea picha ambayo Fundi Kavu hakuijua lakini Mama Nembo aliijua: binti yake, mdogo, hana meno mawili ya mbele, amevaa sare iliyomzidi.

— Ni yeye, Mama Nembo akasema dirishani. — Ndiye anayekaaga hapo kila ikiwaka.

— Usifurahi bado, Fundi akasema, huku mwenyewe ameshindwa kuzuia tabasamu. — Programu iko wapi?

— Hiyo yenye picha ya sindano. Bonyeza mara mbili.

Ikafunguka, na nembo zikajipanga zote. Mama Nembo aliingia ndani ya kibanda, akaifungua ile ya taa, akaikuza, akaweka kidole kwenye kioo na kuufuata moto wake mpaka kileleni. Kisha akashusha pumzi ndefu mno, Birika naye akajikuta anashusha ya kwake.

— Zote zipo?

— Zote. Hata ile mbaya niliyosahau kuifuta.

— Hamna soksi iliyopotea? Fundi akapaza sauti nje.

— Ni kwa sababu nilikalia, Tani akajibu.

Kukawa na vicheko, Wembe akaeleza upya jinsi alivyokuwa na uhakika tangu mwanzo, na Birika akamimina raundi ya bure, jambo ambalo mtaa ulilijua kwa kusikia tu. Ni wakati huo alipofika fundi bomba, ametoka kazini, suruali imelowa mpaka magotini, anataka kikombe kimoja aondoke. Akasimuliwa yote na watu wanne kwa pamoja: ubongo, kabati, paka, buluu. Akasikiliza, akanywa, akamtazama Tani.

— Na hiyo uliyoikalia, ilikuwa inaumwa nini?

— Imekufa, Tani alisema.

— Imekufa kwa nini?

Tani akamtazama Wembe. Wembe akamtazama Birika. Birika akafunua birika lake na kuchungulia ndani, kana kwamba jibu liko humo. Wote kwa pamoja wakageukia dirishani.

Fundi Kavu akatokeza kichwa dirishani. — Mama, alisema, — nani alisema imekufa?

— Shemeji. Alisema ubao wa ndani umeungua.

— Aliufungua?

— Aliunusa.

— Na mimi sikuuliza, Fundi akasema. Akalisema kwa sauti, wote wasikie. — Umeniletea diski, nikatazama diski. Sikuuliza. Tani, nyanyuka.

— Na paka?

— Nyanyuka, bwana.

Tani akanyanyuka kwa mguu mmoja, mwingine bado umelala. Fundi akaliingiza lile boksi ndani, akalipangusa, akaenda kuchukua waya wake mwenyewe wa umeme ukutani, akauchomeka, akabonyeza. Feni ikazunguka. Ilianza kwa kukwaruza, ikatema vumbi, kisha ikatulia kwenye mvumo wa raha.

— Kwa hiyo asubuhi yote, Tani akasema taratibu, — nimemkalia mtu aliye hai.

Fundi akanyoosha mkono, na Mama Nembo akaifungua ile diski kutoka kwenye kitambaa na kumpa. Akairudisha kwenye boksi lake la zamani. Haukupita muda mabinti wawili wasio na meno walikuwa wakicheka juu ya meza moja, mmoja kwenye kompyuta mpya, mmoja kwenye ya zamani.

Fundi Kavu akauokota waya wa umeme wa kompyuta ya zamani, ambao Mama Nembo aliutia kwenye boksi la ile mpya, akaupitisha vidoleni taratibu, akafika mahali palipobonyea na kukatika ndani.

— Mguu wa meza ya kudarizi unakanyaga wapi?

Mama Nembo alifikiri. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko alichokizuia tangu asubuhi kikamtoka chote mpaka akashika ukingo wa meza.

— Mazishi tumefanya sawasawa, Fundi akasema, akamkabidhi waya. — Ila marehemu ni huyu.

Tani akaibeba kompyuta mpya begani, akachechemea nayo kuelekea duka la tatu. Haukupita muda mrefu mashine ya kudarizi ikaanza kugonga, na Tani aliporudi, pale benchini kila mtu akasogea kidogo, naye akakaa. Kumbe nafasi yake ilikuwepo tangu asubuhi.