Jibu la Benchi kwa Dada Soli

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, ni dada yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Dada Soli. Mimi ni mdogo wake, seremala. Familia iliniomba niandike maisha yake kwa ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja umenishinda, mtanisamehe. Tena humu ndani kuna jambo ambalo watu hawajazoea kulisikia makaburini. Jana niliwasomea mume wake na watoto wake maandishi haya yote, wakaniambia nisifute kitu.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1968, saa mbili asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yetu alikuwa fundi bomba na mama alifua nguo za watu. Mama alisema mtoto huyu alitoka amekunja ngumi, na hata akilala hakuzikunjua. Mimi nilikuja miaka sita baadaye, na ngumi hizo nilizifahamu vizuri.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Viatu vyake vilipotoboka alivitia soli ya boksi la biskuti, na kabla ya muhula kwisha nusu ya darasa walikuwa wanatembea juu ya maboksi yake. Mwalimu wa hesabu alimkamata na sindano chini ya dawati, akamwita mbele, akamwambia, "Kumbe Soli ndiye wewe!" Darasa likacheka, jina likakaa. Baada ya kipindi mwalimu yule yule alivua kiatu chake kimyakimya akampa. Alijiunga na sekondari mwaka 1982, akaishia kidato cha pili baba yetu alipofariki. Hakulia kwa ajili ya shule. Alimwambia mama, "Huyu mdogo asome, mimi nina mikono." Kila nilichosoma mimi kililipiwa na mikono ile.

Alianza kazi mwaka 1985 kwa meza moja, nyundo moja na sindano mbili, kwenye kibaraza cha duka la nguo. Lengo lake alilitamka wazi: apate chumba chenye mlango, ashone viatu, watoto wake wasije wakavaa boksi. Hapo ndipo alipokutana na mume wake, fundi saa wa mtaa wa pili. Shemeji alileta kiatu chenye kisigino kilicholegea. Baada ya wiki akakirudisha, kisigino kimelegea tena. Mara ya tatu dada alikitazama kisigino, akamtazama na mwenyewe, akasema, "Kaka, hiki hakilegei, kinalegezwa. Sema shida yako." Shemeji akaisema. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Juni 1992, wakajaliwa binti na mwana.

Kufikia mwaka 1999 alikuwa amepata kila alichokitaka. Chumba kilikuwa na mlango, mlango ulikuwa na kufuli, na watoto walikuwa wanavaa viatu vya ngozi. Naye alianza kununa. Alikuwa akishona huku anatazama ukuta. Fundi nguo wa chumba cha jirani, mama aliyempita kwa miaka kumi hivi, alimvumilia mwezi mzima, kisha akaja na kigoda chake akakaa.

"Mdogo wangu, ulikokuwa unakwenda umefika. Sasa unakwenda wapi?"

Dada aliweka sindano chini. Alikaa na swali lile wiki nzima. Jumamosi iliyofuata alimfuata fundi nguo akamjibu: alitaka kuvisha shule nzima, siyo mguu mmoja mmoja. Yule mama akamwambia hilo si jambo la mtu mmoja, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Hivyo ndivyo benchi lilivyoanza, na nililitengeneza mimi, la mbao za mninga, la kukaliwa na watu wanne. Walikaa hapo dada, fundi nguo, mwalimu mstaafu aliyemwandikia barua na kumfundisha kuongea na walimu wakuu bila kutazama chini, na dereva wa lori aliyebeba viatu vyake hadi miji ambayo dada hakuwahi kuiona. Kila Jumamosi, saa kumi alasiri. Kila mmoja alitaja jambo moja lililomshinda wiki hiyo, na wenzake walimwambia ukweli bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sharti lilikuwa moja: jambo likishawekwa benchini, halijibiwi papo hapo. Unanyamaza, unakwenda nalo nyumbani, jibu linakuja Jumamosi inayofuata. Dada alisema jibu la haraka ni la hasira au la woga. Nimewaona watu wazima wakiuma midomo pale, nikajificha kucheka.

Baadaye likaongezwa sharti la pili. Siku moja mambo ya ndoa ya mwalimu yalitajwa, akasusa miezi minne. Aliporudi wakapatana kwamba mambo ya nyumbani na ya mwili hayakai benchini, benchi ni la kazi tu. Wakati ule lilionekana sharti la heshima.

Bila watu wale watatu dada angekufa fundi wa kibarazani, mwema na mnunaji. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na wao ndio waliounda pamoja naye. Mwaka 2004 alihamia kwenye jengo kubwa kando ya barabara ya vumbi, lenye madirisha sita na mafundi wanne. Nayasema haya mapema ili yanayofuata yasije yakageuzwa kuwa lawama juu ya vichwa vyao.

Mwaka 2011 shule moja ilirudisha jozi mia tatu za viatu. Soli zilikuwa zimeachama zote, kama zinapiga miayo. Dada alizipanga chini akazichunguza mchana kutwa, mpaka akaona chembe za vumbi jekundu ndani ya gundi. Kila lori lililopita lilikuwa linamwaga barabara nzima juu ya meza zake. Jumamosi aliliweka jambo hilo benchini. Jumamosi iliyofuata dereva akaleta jibu, naye alifurahi kulileta: "Funga madirisha, Soli. Yafunge kabisa."

Nilitumwa mimi. Komeo lisingetosha, maana mafundi wangefungua wakisikia joto. Nilipigilia misumari ya inchi tatu, saba kila dirisha, jumla arobaini na miwili. Dada alinishikia ngazi. Tangu siku hiyo hakuna soli iliyoachama. Shule zikaja moja baada ya nyingine, mafundi wakafika kumi na mmoja. Mwalimu alizoea kusema bahati ya dada iliingia madirisha yalipofungwa.

Chumba kile mnakijua, wengi wenu mmepimwa miguu humo. Mnaijua harufu ya gundi ya kopo la njano. Ilikaa kwenye nywele zake, kwenye mkate aliokata, kwenye mashuka. Shemeji alitania kwamba ni harufu ya maendeleo. Na mnakijua kicheko. Kila siku, kuanzia saa tisa alasiri, mafundi wa meza ya gundi walianza kucheka. Mmoja akiangusha nyundo, wanacheka. Asipoangusha, wanacheka vilevile, mpaka machozi. Waliiita saa ya kicheko. Wageni walipita kwenye chumba kile wakasema hawajaona mafundi wenye furaha namna ile, na dada alijaa fahari. "Mnaona? Kazi ikipendwa, watu hucheka." Mimi mwenyewe nilicheka nao, halafu nikirudi nyumbani kichwa kinaniuma hadi kesho yake. Sikujiuliza kwa nini.

Marehemu alianza kuugua Novemba mwaka jana. Nasema kuugua kwa kuwa sasa tunajua, lakini yeye aliita uchovu. Mikononi mwake yalitokea mabaka ya bluu, kama amebanwa na mlango. Akaanza kuvaa mikono mirefu. Akipiga mswaki, maji yalitoka mekundu. Puani alijazia pamba na kuendelea kushona. Kila Jumamosi alikaa benchini na pamba yake, wenzake watatu wakaiona, wakataja vumbi, ngozi, lori lililoharibika. Kila mmoja aliporudi kwake alimwambia mkewe au mumewe, "Soli haonekani vizuri." Lakini mambo ya mwili hayakai benchini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulimsaidia kuficha kwa adabu zetu.

Alianguka Jumatatu tarehe 4 Agosti, saa tisa na nusu alasiri. Mafundi walicheka. Walidhani anatania. Mmoja wao ameniomba niseme hapa kwamba kicheko kile anakisikia bado, na kwamba anaomba radhi. Dada alishamsamehe siku ile ile.

Hospitalini daktari alituambia kwamba uboho wa mifupa yake, mahali damu inapotengenezwa, ulikuwa umeacha kazi. Shemeji aliuliza imetoka wapi hali hiyo. Daktari naye akauliza anafanya kazi gani. Viatu. Kwa gundi? Kwa gundi. Chumba kina madirisha? Shemeji alinitazama mimi, nami nikaitazama sakafu.

"Siwezi kuwaapia kwamba ni mvuke wa gundi," daktari alisema. "Damu ina njia nyingi za kuharibika." Akaandika kidogo, akaacha, akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Wako wangapi mle ndani?"

"Kumi na mmoja," shemeji akasema.

Daktari akaiandika namba hiyo na kuipigia mstari chini yake, mara mbili. 

Jumamosi iliyopita, tarehe 6, benchi lilikaa kando ya kitanda chake, saa kumi kamili. Nilisimama mlangoni. Fundi nguo alisema cherehani yake imekatika mkanda, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa ajili ya kitu kisicho mkanda. Mwalimu akasema lake, dereva akasema lake. Ilipofika zamu ya dada, alitutazama wote, akasema neno moja.

"Madirisha."

Dereva alitaka kusema, dada akainua kidole. Bado alikuwa na nguvu za kuinua kidole. Jibu ni Jumamosi. Basi tukanyamaza, kwa kuwa tulimzoea, na kwa kuwa tuliogopa. Dereva alitoka nje akalia kwenye ukuta. Nilimwambia, "Wewe ulisema tu. Aliyepigilia ni mimi."

Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mume wake. Ngumi alikuwa ameikunjua.

Sasa nawaomba kitu kigumu. Leo mna leso mikononi. Leso ya machozi huenda machoni. Niliandika haya jana nikijua kwamba kabla sijamaliza kusoma, kuna leso moja au mbili, upande wa mafundi, zitakuwa zimekwenda puani. Tazameni, lakini msimcheke mtu na msimwonee haya. Pia mtamwona binti ya marehemu, aliyesimama kwenye meza ya gundi miaka miwili sasa. Amevaa mikono mirefu, na jua hili mnaliona. Nilimwomba ruhusa kuandika mstari huu. Akanishika bega, akasema, "Andika tu, mjomba. Mama asingeandika."

Kwenye mlango wa kiwanda kuna karatasi inayosema kazi itaendelea Jumatatu kama kawaida, kwa heshima ya marehemu, kwa kuwa shule zinasubiri viatu vya Januari. Iliandikwa kwa mapenzi. Shemeji ameniruhusu kuibandua. Jumatatu wote kumi na mmoja watakwenda kupimwa damu, na dereva atawapeleka kwa lori lake. Shule zitasubiri. Nani atakutwa na nini, hatujui. Usiku huu kuna nyumba kumi na moja zitakazolala na swali hilo, nami sina dawa yake.

Jeneza hili nimelitengeneza mimi. Wanaojua mbao wataona halina msumari hata mmoja. Nilijaribu kuushika, mkono ukakataa.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo wake mmoja, marafiki watatu wa benchi, na mafundi kumi na mmoja, binti yake akiwa mmoja wao. Namwomba Mungu mwaka ujao, siku kama ya leo, tuwahesabu tuwakute kumi na mmoja.

Dada, saa hizi ni saa kumi, na leo ni Jumamosi. Ulituwekea neno tukalinyamazia wiki nzima kama ulivyotufundisha. Tukishakufukia, fundi nguo, mwalimu, dereva na mimi hatupiti nyumbani. Nyundo ya kung'olea misumari ninayo hapa ndani ya koti. Wewe pumzika, umechoka. Sisi tunakwenda kuyafungua.